Tangazo la gari likidanganya, hasara hubebwa na nani?

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga waliosema hivyo hawakuwahi kuona tangazo la gari la mtumba. Siku hizi kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, tena kwa maneno yale yale: "linanusa mafuta", "kilomita chache", "halijagongwa", "njoo na fedha uondoke nalo".

Kwa mtu anayetafuta gari la kutembelea, maneno hayo yakiwa ya uongo ni kero. Lakini kwa mfanyabiashara wa Buhembe anayeunganisha fedha za kahawa, mkopo wa benki na akiba ya nyumbani ili aweke gari moja njia ya Bukoba na Muleba, maneno hayo ni sehemu ya hesabu ya mtaji. Akidanganywa hapo, amedanganywa katika kila safari gari hilo litakayokwenda.

Katika nchi nyingine wanunuzi wa namna hiyo wameungana kwa maelfu wakaenda mahakamani, na wapo waliolipwa fedha nyingi. Je, njia hiyo ipo kwetu? Na je, inalipa? Ripoti yetu ya wiki hii inaangalia pande zote mbili.

HESABU YA NJIA YA MULEBA

Tuanze na hesabu, maana hasara ya tangazo la uongo haionekani mpaka ipigwe kwenye karatasi.

Chukua gari dogo la abiria, yale ambayo wengi huyaita michomoko. Tukadirie kilomita 70 kutoka Bukoba mjini hadi Muleba. Gari likienda na kurudi mara mbili kwa siku limetembea kilomita 280. Tangazo lilisema gari linakwenda kilomita 14 kwa lita moja. Kwa kipimo hicho, lita 20 zinatosha kwa siku.

Sasa tuseme ukweli wa gari hilo ni kilomita 10 kwa lita. Mafuta ya siku yanakuwa lita 28. Tofauti ni lita 8 tu, na ni rahisi kuidharau. Lakini kwa siku 25 za kazi ni lita 200 kwa mwezi. Kwa mfano wa bei ya shilingi 3,000 kwa lita, hizo ni shilingi 600,000 kwa mwezi, au shilingi 7,200,000 kwa mwaka. Msomaji anaweza kuweka bei kikomo ya Bukoba inayotangazwa na EWURA kila mwezi, akapata jibu lake mwenyewe.

Fedha hizo zinatoka wapi? Kwanza zinatoka kwa dereva. Utaratibu wa wengi ni kwamba dereva anajaza mafuta kutoka katika makusanyo, anampa konda chake, kisha anampelekea tajiri hesabu ya siku. Gari likila mafuta kuliko ilivyotarajiwa, dereva ataminya posho yake kwa wiki moja au mbili. Baada ya hapo hesabu inaanza kupungua, na tajiri anaanza kumshuku dereva. Anamwachisha na kuajiri mwingine. Wa pili naye analeta pungufu, naye anaitwa mwizi. Watu wawili wamepoteza kazi na jina, na rejesho la benki limechelewa, wakati kosa liko katika mstari mmoja wa tangazo ambao hakuna aliyeukumbuka.

NAMBA ZA JAPANI ZINAPIMWA WAPI?

Magari mengi yanayofanya kazi katika barabara zetu yametumika kwanza Japani. Namba ya ulaji wa mafuta inayotajwa na wauzaji mara nyingi ni ile ya kiwandani, iliyopimwa kwa utaratibu wa nchi hiyo. Utaratibu wa zamani, uliojulikana kama 10-15, ulianza mwaka 1991. Baadaye ukaja ule wa JC08, na kisha WLTC.

Katika vipimo vyote hivyo gari halipelekwi barabarani. Linawekwa juu ya mitambo inayozunguka chini ya magurudumu, ndani ya maabara. Katika kipimo cha 10-15 mwendo wa juu kabisa ulikuwa kilomita 70 kwa saa. Hakukuwa na kilima, tope, abiria waliobanana wala mikungu ya ndizi juu ya keria. Hivyo muuzaji anayeichukua namba hiyo na kukuambia kwamba ndiyo utakayoipata njia ya Muleba, anasema kweli ya makaratasi na uongo wa barabara.

Wakati mwingine hata kweli ya makaratasi haipo. Aprili 2016, kampuni ya Mitsubishi ya Japani ilikiri kwamba takwimu za ulaji wa mafuta za magari yake madogo zilichezewa. Magari yaliyohusika yalikuwa kiasi cha 625,000, na mengi kati yake yalitengenezwa kwa ajili ya Nissan na kuuzwa kwa jina hilo. Ni Nissan yenyewe iliyogundua kwamba namba hazilingani na vipimo vyake.

Mitsubishi ilitangaza fidia ya yen 100,000 kwa mwenye gari, na Januari 2017 idara ya Japani inayosimamia maslahi ya walaji ikaitoza kampuni hiyo faini ya takriban yen milioni 480 kwa matangazo ya kupotosha.

Hapa kuna somo kwa mnunuzi wa mtumba. Fidia ile ililipwa kwa wenye magari kule Japani. Gari linapovuka bahari na kuuzwa tena, namba ya uongo husafiri nalo, lakini fidia hubaki kwa mwenye gari wa kwanza.

VOLKSWAGEN: UWINGI WENYE NGUVU

Kesi kubwa kuliko zote za aina hii ni ya Volkswagen ya Ujerumani. Kwa miaka kadhaa kampuni hiyo ilitangaza Marekani kwamba magari yake ya dizeli ni safi. Tarehe 18 Septemba 2015, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ilitangaza kwamba magari hayo yalikuwa na programu iliyotambua wakati gari linapimwa. Likiwa kwenye kipimo lilitoa moshi mdogo, na likirudi barabarani lilitoa uchafu uliozidi sana kiwango cha sheria. Kampuni ilikiri kwamba kiasi cha magari milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo.

Wenye hisa walikuwa wa kwanza kulia. Katika siku mbili za soko, Jumatatu tarehe 21 na Jumanne tarehe 22 Septemba, hisa za Volkswagen zilipoteza zaidi ya asilimia 30 ya thamani. Mwekezaji mdogo aandike hilo pembeni: tangazo la uongo ni deni ambalo halionekani katika mizania mpaka siku linapodaiwa.

Wenye magari walifuata. Mamia ya mashauri yalikusanywa mbele ya Jaji Charles Breyer wa San Francisco, na tume ya biashara ya serikali ya Marekani nayo ikafungua lake Machi 2016, ikilenga matangazo yale ya dizeli safi. Oktoba 2016 jaji aliidhinisha makubaliano yaliyofikia hadi dola bilioni 14.7 kwa jumla. Karibu wenye magari 475,000 walipewa nafasi ya kuyarudisha kwa bei yaliyokuwa nayo kabla ya kashfa, pamoja na nyongeza ya kati ya dola 5,100 na dola 10,000 kwa kila mmoja.

Sasa linganisha na nchi nyingine. Ujerumani kwenyewe, wenye magari wapatao 260,000 walisubiri hadi mwaka 2020 kupata makubaliano ya kiasi cha euro milioni 830. Uingereza, madai ya watu wapatao 91,000 yalimalizwa Mei 2022 kwa pauni milioni 193. Kampuni ni ile ile na udanganyifu ni ule ule, lakini malipo yamepishana sana. Kilichopishana ni sheria.

Marekani, shauri la kundi likikubaliwa na mahakama, kila mwenye dai la namna hiyo anahesabiwa ndani mpaka aseme mwenyewe kwamba anajitoa. Katika nchi nyingi nyingine asiyejiandikisha hayumo. Mdaiwa anayekabiliwa na watu wote hukaa mezani mapema kuliko anayekabiliwa na wachache waliojitokeza.

HONDA: UWINGI WENYE SENTI

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba kila shauri la kundi ni mavuno. Wenye magari ya Honda Civic yanayotumia petroli na umeme walidai Marekani kwamba magari hayo hayakufikia ulaji mdogo wa mafuta uliotangazwa, ambao kwa vipimo vyetu ni kama kilomita 21 kwa lita. Makubaliano yaliidhinishwa Machi 2012 kwa kundi la watu wapatao 200,000. Kila mmoja alistahili kati ya dola 100 na dola 200, pamoja na hati ya punguzo la hadi dola 1,000 akinunua gari jingine la Honda. Mawakili wao walipangiwa dola milioni 8.5.

Mmoja wa wenye magari hayo, Heather Peters, ambaye aliwahi kuwa wakili, alijitoa katika kundi. Alikwenda peke yake katika mahakama ya madai madogo huko Torrance, California, mahali ambapo kampuni haiwezi kuleta wakili. Februari 2012 alishinda dola 9,867. Honda ilikata rufaa, ikaruhusiwa kuleta wakili, na Mei mwaka huo huo jaji akautengua ushindi wake wote.

Tuziweke kesi hizi mbili katika mizani. Aliye katika kundi alipata kidogo lakini hakutoa chochote. Aliyekwenda peke yake alikaribia kupata kikubwa, akaishia bila kitu. Kundi linapunguza gharama na hatari ya kila mtu, lakini linapunguza pia fungu lake. Faida yake kubwa ni nyingine: linabadilisha hesabu ya muuzaji. Uongo unaomwingizia faida ndogo kwa kila gari unaweza kumgharimu mabilioni siku wanunuzi wote watakapokuja kwa pamoja.

SHERIA ZETU ZINASEMAJE?

Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003. Kifungu cha 15 kinakataza mwenendo wa biashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha. Kifungu cha 16 kinakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, kama vile ubora wake, upya wake na manufaa yake. Msimamizi ni Tume ya Ushindani, FCC, na anayepata hasara kutokana na uvunjaji wa sheria hiyo anaweza kuiomba Tume itoe amri ya fidia.

Pembeni yake ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kanuni ya kale ya kwamba mnunuzi afungue macho bado ipo, lakini sheria hiyo inasema pia kwamba bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, ni lazima ilingane na maelezo hayo.

Na kundi je? Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya I Kanuni ya 8, inaruhusu mtu mmoja au zaidi kufungua shauri kwa niaba ya wengi wenye maslahi ya aina moja. Hili ndilo shauri la uwakilishi. Lakini ni lazima kwanza kuomba kibali cha mahakama, na wote wanaowakilishwa wapewe taarifa, kwa kuandikiwa au kwa tangazo, kwa gharama ya wadai.

Mahakama ya Rufani ilieleza sababu ya ukali huo katika shauri la K.J. Motors, Maombi ya Madai Namba 74 ya mwaka 1999. Mtu anaweza kudai anawawakilisha watu ambao wamekufa, hawapo kabisa, au hawakumtuma. Kwa hiyo mahakama hutaka kuona majina, saini na uthibitisho kwamba wahusika wamekubali.

Majirani zetu wa Kenya wamekwenda hatua moja mbele. Sheria yao ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012, kifungu cha 4, inamruhusu mlaji kufungua shauri kwa niaba ya kundi la walaji wenzake.

Turudi kwenye hesabu yetu. Mtu mmoja aliyepoteza shilingi milioni 7.2 kwa mwaka atafikiri mara mbili kabla ya kumlipa wakili kwa shauri linaloweza kuchukua miaka, huku akijua kwamba akishindwa anaweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzake. Wakiwa 20 walionunua kwa muuzaji mmoja kwa tangazo lile lile, dai lao ni shilingi milioni 144. Wakili mmoja, ushahidi wa fundi mmoja, na gharama zinagawanywa kwa 20. Kwa hesabu hiyo, kwenda Mahakama Kuu hapa Bukoba si ndoto.

Wajue pia muda. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, dai la mkataba lina miaka sita, na la madhara yasiyotokana na mkataba lina miaka mitatu. Anayekaa akimlaumu dereva kwa miaka saba atakuta mlango umefungwa.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Ugumu mkubwa kwetu uko katika ushahidi kuliko sheria. Tangazo la redio limepita na upepo, la simu limefutwa, na muuzaji anasema hakutamka hivyo. Wadai wa Marekani walishinda kwa sababu matangazo yalikuwepo, yamehifadhiwa, na yanasomeka. Hivyo kila anayenunua gari la biashara azingatie haya:

Kwanza, tenganisha sifa na ahadi. "Gari zuri sana, hutajuta" ni sifa za sokoni, na si rahisi kumshtaki mtu kwa hilo. "Kilomita 14 kwa lita", "limetembea kilomita 80,000" na "halijawahi kugongwa" ni ahadi zinazopimika. Hizo ndizo za kushika.

Pili, ahadi hizo ziandikwe katika mkataba wa mauziano, muuzaji atie saini. Akikataa kuandika kile alichokitangaza kwa sauti kubwa, umeshapata jibu lako bure. Hifadhi pia tangazo lenyewe, likiwa na tarehe.

Tatu, omba karatasi ya mnada wa Japani na cheti cha kusafirisha gari nje. Karatasi ya mnada huonyesha daraja la gari, na alama ya R ina maana kwamba lilitengenezwa baada ya kugongwa. Cheti mara nyingi huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Namba iliyo kwenye dashibodi ikiwa ndogo kuliko ya kwenye cheti, mita imerudishwa nyuma.

Nne, pima mwenyewe. Safari ya takriban kilomita 1,400 kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni kipimo kizuri kuliko maabara yoyote. Jaza tangi, andika kilomita, na kila unapojaza tena chukua risiti ya EFD. Gawanya kilomita kwa lita. Muuzaji atajitetea kwamba dereva anakanyaga sana au gari limebeba mno. Risiti zenye tarehe, pamoja na maelezo ya fundi kwamba injini ni nzima, zitapunguza nguvu ya utetezi huo.

Tano, mjue wa kumdai. Aliyeko ng'ambo akauza kwa picha za simu ni vigumu kumfikisha mahakamani hapa. Yadi yenye leseni, anwani na namba ya mlipakodi ndani ya nchi inaweza kuuza ghali kidogo, lakini tofauti hiyo ya bei ndiyo bima yako. Rahisi inaweza kuwa ghali.

Na wewe unayeuza magari, nawe una la kujifunza. Andika tu kile unachoweza kukithibitisha. Kama namba ni ya kiwandani, sema ni ya kiwandani. Mnunuzi aliyeambiwa kilomita 10 akapata 10 atamleta ndugu yake. Aliyeambiwa 14 akapata 10 anaweza siku moja kuleta wenzake 19 na wakili.

Mwisho kabisa, tajiri ambaye hesabu yake inapungua kila jioni asikimbilie kumfukuza dereva. Akae naye siku moja kwenye gari, wajaze tangi pamoja, waende Muleba na kurudi, wajaze tena. Lita zitakazoingia ndizo zitakazosema nani anayemwibia.